Uzi: Pesa za chama kwenye mfuko wa "kijani": kuna kinachobadilika kweli, au ni jina tu?

#1 MamaHazina_Kisauni

Hamjambo nyote. Nina swali, na nataka majibu kabla ya mkutano wetu wa mwisho wa mwezi.

Sisi ni chama cha akina mama 22 hapa Kisauni. Tulianza na mia mbili mbili kwa wiki, tukizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Leo tuna shilingi 640,000. Juzi mtoto wa mwenzetu mmoja, anayefanya kazi kwa dalali wa hisa Nairobi, alitujia na karatasi za mfuko wa uwekezaji "endelevu". Ukurasa wa kwanza una picha ya mtoto ameshika mche. Anasema pesa zitazaa, na papo hapo tutakuwa tunaokoa mazingira.

Nikamuuliza: hizi laki sita zetu zikiingia humo, ni mti gani utapandwa ambao bila sisi usingepandwa? Ni moshi gani utapungua? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ni mchango wa jumla." Hilo neno "jumla" limenikwama kooni mpaka leo.

Nyuma ya jikoni kwangu kunapita mtaro wa maji machafu. Masika yakipiga, yanaingia ndani, naamka kuinua unga juu ya meza. Kwangu mimi mazingira ni hayo. Sitaki pesa za wenzangu zichukuliwe kwa picha, na sitaki vilevile kulikataa jambo la kheri kwa kuwa sikulielewa. Anayejua anieleze polepole.

#2 HesabuTu

Mama Hazina, shikamoo. Huyo kijana hakukudanganya, ila hakukujibu. Yote yategemea pesa zenu zinaishia wapi.

Mfuko ukinunua hisa pale Soko la Hisa la Nairobi, unanunua kwa mtu aliyekuwa nazo. Kampuni yenyewe haipati hata ndururu. Ni kama shati la mtumba Kongowea: anayepata ni mwenye meza, kiwanda kilicholishona huko ng'ambo hakina habari. Basi mfuko ukiuza hisa za simiti ukanunua za sola, tanuri la simiti linawaka vilevile. Kilichobadilika ni mwenye hisa.

Kampuni huingiza pesa pale inapotoa hisa mpya au inapokopa. Mwulize kijana: katika kila shilingi mia ya mfuko, ngapi zinakwenda kwenye kitu kipya?

#3 Tuktuk_Bombolulu

Basi ni bure tu. Mama, nunueni tuktuk ya stima. Dereva mnaye tayari.

#4 MchambuziNyali

HesabuTu ametoa nusu ya maelezo. Hata mtumba una bei, na bei ya leo ndiyo kampuni itakayouzia hisa mpya kesho. Watu wengi wakizikimbia hisa za makaa ya mawe, bei hushuka, mabenki huogopa, mkopo hupanda riba, na mradi uliokuwa unalipa kwenye karatasi unaacha kulipa. Ni kazi ya polepole lakini ipo.

Halafu kuna hatifungani za kijani, yaani karatasi za kukopesha pesa kwa miradi ya mazingira, ambazo ni pesa mpya kabisa. Ya kwanza Kenya ilikuwa ya kampuni ya ujenzi ya Acorn mwaka 2019, shilingi bilioni 4.3, za kujenga hosteli za wanafunzi zinazobana matumizi ya maji na stima. Nenda kaziguse, mpaka hapa Mombasa zipo.

#5 Mwanafunzi_Tudor

@MchambuziNyali ndugu, zile zilijengwa Nairobi. Sisi hapa Tudor tumelala watatu chumba kimoja na maji ya kubeba kwa mitungi. Zingekuwepo tungezijua.

#6 MchambuziNyali

Kweli, ni Nairobi. Nimekosea, ahsante.

#7 HesabuTu

Tukija kwenye hiyo "kazi ya polepole" ya #4, imepigiwa hesabu. Jonathan Berk na Jules van Binsbergen, wataalamu wa fedha wa vyuo vya Marekani, walitazama soko la huko. Wakaona kwamba ili gharama ya mtaji (bei ya kupata pesa) ya kampuni chafu ipande kwa zaidi ya asilimia moja, wawekezaji wanaoikimbia wangelazimika kushika zaidi ya asilimia 80 ya mali yote inayowekezwa. Leo hawafiki hata karibu.

Na kuna wanaosema mkopo ukiwa ghali, kampuni chafu huzidi uchafu, kwa sababu mtambo mpya usio na moshi unataka pesa nyingi mwanzoni. Aliyebanwa anabaki na mtambo wake mkuukuu.

#8 BintiLikoni

Mbona mnazunguka mbali hivyo? Vanga hapo kuna Mikoko Pamoja, wanakijiji wanauza hewa na wanalipwa dola. Hiyo si faida ya kuonekana?

#9 MzaliwaWaGazi

Dada, umechanganya vijiji. Mikoko Pamoja ni ya kwetu, Gazi na Makongeni. Ya Vanga ni mradi wa pili, uliokuja baadaye pamoja na Jimbo na Kiwegu, nao ni mkubwa kuliko wetu. Lakini umefanya vyema kuutaja, maana nina la kusema.

Miaka ya 70 mikoko ya ghuba yetu ilikatwa kwa kuni za viwanda. Wazee wanasimulia palivyobaki peupe, tope kavu lenye visiki, na mchanga ukawa unahama. Watafiti wa bahari na masomo ya samaki wakaanza kuipanda upya na wanakijiji miaka ya 90. Kisha 2013 mradi wa kuuza kaboni ukasimama: hekta 117, kama tani 3,000 za hewa ya ukaa zinazozuiwa kwa mwaka, kwa cheti cha Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi kama hii. Mwaka 2017 tukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Sasa niwaambie inavyokuwa, maana wengi husikia "kuuza hewa" wakadhani ni uchawi. Maji yakishakupwa, mnaingia na kamba ya kupimia. Kila kishamba cha kupimia kina miti yake. Unazungusha kamba shinani, unasoma, mwenzako anaandika. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kijiti, unaichomeka kwenye tope ikae wima. Mchu nao una mizizi inayochomoza juu kama misumari, ukikanyaga bila kiatu utajua. Tope linafika goti. Kazi hiyo ina jasho, na vipimo hivyo ndivyo mnunuzi wa nje anavyovilipia.

Pesa zinakuja kwa kijiji, tunakaa baraza, tunachagua. Zimeleta maji ya bomba, zimetengeneza shule, zimenunua vitabu. Na ikapandwa mivinje ili mtu apate kuni asiende kukata mkoko. Mama Hazina, uliuliza ni mti gani usingekuwepo. Njoo nikuonyeshe.

#10 HesabuTu

Ndugu wa Gazi, heshima zangu, na hii ndiyo pesa inayofika. Lakini tusisahau ukubwa. Kiwanda cha simiti cha tani milioni moja kwa mwaka kinatoa hizo tani 3,000 ndani ya siku chache tu. Na anayenunua cheti chenu huko Ulaya huenda anakinunua ili aendelee na moshi wake bila kulaumiwa. Kijiji kimefaidika, hilo silikatai. Dunia je?

#11 MzaliwaWaGazi

Dunia haijawahi kunijengea kisima.

#12 WakiliWaMtaa

Niongeze la sheria, kwa sababu wengi hawalijui. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa kaboni wa ardhini upeleke kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na usio wa ardhini asilimia 25. Zamani kila mwenye mradi alikuwa na mkataba wake na wanakijiji wengine walipewa makombo. Kwa hiyo hata faida ya "uwekezaji mwema" inategemea sheria imekaaje.

#13 FundiJomvu

Wakili amenifungulia mlango. Mimi nasema waziwazi: wawekezaji hawajawahi kuniokoa, na nimeishi karibu na mfano wenyewe.

Owino Uhuru iko hapa hapa, kuvuka kidogo tu. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Moshi ulishuka kwenye mabati, maji ya kiwanda yakapita kati ya nyumba. Watoto wakajaa risasi kwenye damu, wanawake wakapoteza mimba. Mimi nilikuwa fundi wa mabati mtaani, nikipanda kuezua nyumba ya mtu, bati lilikuwa limeoza kama biskuti ndani ya miaka michache. Bati jipya! Nalivunja kwa mkono. Nikajiuliza, kama linafanya hivi kwa chuma, kifua cha mtoto je?

Aliyepigana ni Phyllis Omido na majirani zake. Kiwanda kilisimama 2014. Yeye akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka hiyo. Katika yote hayo sikumwona mwenye hisa hata mmoja akishuka kwenye gari kuuliza "hapa mnaumwa nini?"

#14 BintiLikoni

Subhanallah. Bati kama biskuti.

#15 MchambuziNyali

Fundi, pole sana, na sibishani na uliyoyaona. Lakini kiwanda kile kilikuwa kidogo, hakikuwa na hisa sokoni, kwa hiyo silaha ya wawekezaji haikuwa na pa kushika. Tazama Lamu: mtambo wa makaa ya mawe wa megawati zaidi ya 1,000. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema Novemba 2019 haitauchangia, na Novemba 2020 benki ya China, ICBC, ikajitoa. Bila pesa hakuna mtambo. Hapo ni fedha zilizoamua.

#16 FundiJomvu

Umeruka mwezi mmoja muhimu. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni yao, kwa kesi ya watu wa Lamu wenyewe. Mabenki yalikimbia nyumba iliyokwisha kushika moto.

#17 MchambuziNyali

Na kabla ya hapo, kwa nini mradi ulikaa miaka bila hata tofali? Hakuna aliyetaka kutia pesa haraka. Vyote viwili vilikwenda pamoja.

#18 FundiJomvu

Au kesi ndiyo iliyowatia woga tangu mwanzo. Watu wa Lamu hawakuanza kupiga kelele 2019.

#19 Ustadh_Majengo

Assalamu alaykum. Nimesoma yote, na ninaona tumesahau kwamba sisi watu wa Pwani tunaijua biashara hii ya kuchuja mali kabla haijapewa jina la Kizungu. Mwislamu hanunui hisa za pombe, kamari, wala benki ya riba. Na kampuni ikiwa na pato kidogo lisilo halali, wanazuoni wengi wameweka ukomo wa asilimia 5, na hata hilo kidogo unalitoa sadaka ili mali itakasike.

Nikuulize HesabuTu: mimi nikikataa hisa za kiwanda cha bia, bia imepungua Mombasa? Haikupungua. Lakini mtu atakapoulizwa kuhusu mali yake ataulizwa aliichuma vipi na aliitumia vipi. Mimi siwekezi safi ili kuibadilisha dunia. Nawekeza safi ili mkono wangu usiwemo. Hayo ni mambo mawili, na uzi huu umeyachanganya tangu #1.

Na Mama Hazina, kama katika wenzako 22 wamo Waislamu, hatifungani ni riba hata ikipakwa kijani. Kuna sukuk, yaani karatasi za uwekezaji zisizo na riba: ya kwanza Kenya ilitolewa 2023, ya Linzi, shilingi bilioni 3 za nyumba. Angalieni njia hiyo.

#20 MamaHazina_Kisauni

Wa alaykum salaam, Ustadh. Tuko 15 Waislamu, saba Wakristo. Hilo la riba hata kijana hakuligusa. Ahsante.

Lakini nikwambie kweli, mimi mkono safi peke yake haunitoshi. Mtaro bado uko nyuma ya jikoni.

#21 Mshonaji_Changamwe

Nimekuwa nikisoma kimya. Nataka kusema jinsi kampuni inavyopata hiyo alama ya wema.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha nguo za kwenda ng'ambo, jina siliweki. Wakaguzi wakija, tunajulishwa wiki nzima kabla. Siku yenyewe asubuhi tunapewa barakoa mpya, milango ya dharura inafunguliwa makufuli, maji ya kunywa yanawekwa kwenye mitungi yenye barafu. Msimamizi anapita akitufundisha jibu: ukiulizwa saa za ziada, sema ni hiari. Mkaguzi alikaa mbele yangu, kijana mpole, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kama nina furaha kazini. Nikatazama nyuma yake, msimamizi amesimama. Nikasema ninayo furaha.

Jioni barakoa zilikusanywa kwenye gunia. Hata zile tulizokwisha kuzivaa.

Basi nikisikia "mfuko umechagua kampuni zenye alama nzuri za jamii", nakumbuka lile gunia.

#22 HesabuTu

Dada Mshonaji, ahsante kwa kulisema. Na hata wanaotoa alama hawakubaliani. Kuna watafiti, wakiwemo wa MIT, waliowalinganisha watoa alama sita wakubwa wa mambo haya ya ESG, yaani mazingira, jamii na utawala. Ulinganifu wao kwa wastani ulikuwa 0.54 (moja ni kukubaliana kabisa), wakati wanaokadiria uwezo wa kulipa madeni wanakaribiana hadi juu ya 0.9. Mei 2022 Tesla ilitolewa kwenye faharisi (orodha ya kampuni zenye alama nzuri) ya ESG ya S&P 500 huku ExxonMobil ikibaki. Mwenye gari la stima nje, mwenye visima vya mafuta ndani.

#23 Tuktuk_Bombolulu

Ndiyo nikasema tuktuk ya stima.

#24 MchambuziNyali

Sababu mojawapo ya Tesla kutolewa ni upande wa jamii: malalamiko ya ubaguzi wa rangi kazini na jinsi ilivyoshughulikia ajali. Alama inapima vitu vingi pamoja. Si lazima iwe upuuzi.

Na kwa kuwa umeitaja Exxon: 2021 mfuko mdogo uitwao Engine No. 1, wenye asilimia 0.02 tu ya hisa, uliwashawishi wenye hisa wakubwa ukaingiza wakurugenzi watatu kwenye bodi ya Exxon. Aliyeuza hisa zake akaondoka hakuwa na kura siku ile. Kwa hiyo labda faida haiko kwenye kununua kijani, iko kwenye kubaki ndani ya chafu na kupiga kelele.

#25 HesabuTu

Na bodi hiyo yenye watu wapya ndiyo iliyoinunua Pioneer, kampuni ya mafuta, kwa karibu dola bilioni 60. Kelele zilisikika, visima vikaongezeka.

#26 MzeeWaMakadara

Wanangu, nimeishi. Msiidharau njia ya kuondoa pesa. Sisi tulikuwa vijana wakati wa Afrika Kusini ya makaburu. Wanafunzi wa Uingereza walikataa kufungua akaunti Barclays kwa sababu ya biashara yake kule. Wakacheka watu, wakasema wanafunzi wana pesa gani? Mwaka 1986 Barclays ikaondoka Afrika Kusini.

Wasomi wamekuja kupima bei za hisa wakasema hazikutikisika sana. Sawa. Lakini kuna kitu kinaitwa aibu, na aibu haiandikwi kwenye bei. Waziri akiulizwa kila anakokwenda "mbona nyinyi mko na makaburu", anachoka.

#27 WakiliWaMtaa

Shikamoo mzee. Tukumbuke pia kulikuwa na vikwazo vya serikali na wafanyakazi wa migodini waliogoma. Ni vigumu kusema kamba ipi ndiyo iliyovuta.

#28 MzeeWaMakadara

Marahaba. Mashua ikivutwa pwani na watu kumi, unamtafuta aliyeivuta?

#29 Kaskazi77

Mimi nawaletea upande wa kijani chenyewe kinapoumiza. Umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 365, safi kabisa, pesa za maendeleo kutoka Ulaya. Lakini ardhi ekari 150,000 za wafugaji wa Marsabit zilichukuliwa bila utaratibu. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati zile ni batili. Moshi umepungua, mfugaji amelia. Mnalipima vipi hilo?

#30 MchambuziNyali

365 ni idadi ya mitambo. Nguvu yake ni megawati 310. Na mitambo ilikamilika 2017 ikakaa zaidi ya mwaka bila waya wa kupelekea stima, ukaja 2018. Lakini hoja yako kuhusu ardhi naikubali yote.

#31 Kaskazi77

Sawa, 310. Ahsante.

#32 Tuktuk_Bombolulu

Niseme la kweli sasa, msinifukuze. Watalii nawapeleka Haller Park kila wiki. Pale palikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti. Kiwanda kile kile cha simiti ndicho kilichotengeneza msitu ule, tena kabla hamjazaliwa na hizo ESG zenu. Na watalii wote wanamwulizia Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa wakati wa tsunami ya 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee.

#33 BintiLikoni

Hahaha, nilijua tutafika kwa Owen. Watoto wangu wanamjua kuliko binamu zao.

#34 MkulimaBamburi

Tuktuk leo umenena. Mimi nililelewa Bamburi na nina la kuongeza.

Ni mwaka 1971 René Haller alipopewa kazi ya kufufua mashimo yale. Ardhi ilikuwa jiwe tupu la matumbawe, jeupe, jua linakurudia machoni, na maji yake ya chumvi yako karibu. Alijaribu miti ya aina nyingi, karibu yote ikafa, mvinje ukawa katika michache iliyosimama. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana, hayaozi. Miti juu, chini hakuna udongo. Akaona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Akawakusanya jongoo akawamwaga pale kwa wingi. Wakala majani, wakatoa kinyesi, kinyesi kikawa udongo. Babangu alituonyesha tulipokuwa wadogo: alifukua kwa kidole, juu jani, chini yake unga mweusi, chini ya unga jiwe. Unga wenyewe haukuzidi urefu wa ukucha.

Sasa niambieni, ilikuwa mwekezaji aliyedai? Ilikuwa sheria? Ninavyojua mimi, ni mtu mmoja ndani ya kampuni aliyepewa nafasi na muda. Hilo hakuna aliyelitaja.

#35 FundiJomvu

Na matanuri yakaendelea kuwaka miaka yote hiyo. Msitu ni mzuri, nimempeleka mke wangu. Lakini tusiseme shimo likifukiwa, moshi nao umefukiwa.

#36 MkulimaBamburi

Sikusema hivyo, ndugu. Nimesema udongo ulirudi.

#37 MwanaKaloleni

Langu ni fupi. Mama yangu Kaloleni alichukua sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, ya kampuni moja iliyosifiwa sana na wawekezaji wema wa nje. Miaka miwili ya mwanzo, koroboi ilitoka nyumbani, wadogo zangu wakasoma usiku, kifua cha mama kikapoa. Hilo ni kweli na nalishukuru. Kisha mwaka wa ukame akakosa kulipa, taa ikajizima yenyewe kwa mbali. Alikaa gizani na mtambo uko ukutani, na karibu pesa yote ameshailipa. Akairudia koroboi.

Kwenye ripoti ya mwekezaji, mama yangu anahesabiwa "kaya moja iliyopata mwanga". Alihesabiwa siku aliyofungiwa mtambo. Siku taa ilipozimwa hakuja mtu kumpunguza kwenye hesabu.

#38 HesabuTu

Hili la MwanaKaloleni ndilo ningependa kila mfuko uulizwe. Siyo mmefikia wangapi, bali wangapi bado wanayo mwaka wa tatu.

#39 MamaHazina_Kisauni

Wanangu na ndugu zangu, nimewapa wenzangu simu wasome uzi wote, mwingine nimemsomea mimi. Kijana naye nimemwita tena, nikamtandikia mkeka na mahamri, kisha nikamuuliza swali la HesabuTu. Akafungua karatasi za nyuma, zile zenye maandishi madogo. Sehemu kubwa ya mfuko iko kwenye hatifungani za serikali! Kidogo ndicho kiko kwenye kampuni, na zote ni hisa za mtumba. Mtoto wa watu akaona haya kweli, akasema naye hakuwahi kuusoma ukurasa ule. Sikumkasirikia. Tutauweka hivyo mezani Jumamosi ya mwisho.

Wengine wanataka twende sukuk. Wengine wanataka tubaki na benki tu. Mwenzetu mmoja, ambaye huwa hasemi, akauliza: kwa nini tusichukue laki moja tukautengeneza mtaro? Tukagombana mpaka magharibi. Wengine wanasema mtaro ni kazi ya kaunti, tukiutengeneza sisi tumewasamehe. Sijui. Mimi mwenyewe natikisika.

#40 MchambuziNyali

Mama, hatifungani za serikali nazo si za kudharau. Za miundombinu hazitozwi kodi kwenye riba, na pesa zake zimekusudiwa barabara, maji na stima. Huenda ndizo zenye kazi kuliko hizo za kijani.

#41 FundiJomvu

Barabara ipi? Mtaro wa Mama Hazina uko kwenye hatifungani gani?

#42 Ustadh_Majengo

Na riba ni riba, Mchambuzi. Kuhusu mtaro, sadaka jariya ni maji yanayopita. Lakini pesa za chama ni amana ya watu 22, isitoke hata shilingi bila wote kuridhia, na wale saba wasilazimishwe kwa dini yetu.

#43 WakiliWaMtaa

Kama mtautengeneza, andikeni barua kwa kaunti kwanza, mpigwe muhuri, mhifadhi nakala. Hapo hamjawasamehe.

#44 MamaHazina_Kisauni

Hilo la barua nimelipenda. Na kabla ya kura, akina mama kumi wanataka kwenda Gazi kuiona hiyo mikoko kwa macho. @MzaliwaWaGazi utatupokea? Tukipanda nini, na tuje siku gani?

#45 MzaliwaWaGazi

Karibuni sana, mtafurahi. Vukeni feri Likoni, pandeni matatu ya Lunga Lunga, mteremke njia panda ya Gazi, nitawangoja hapo. Msije maji yakiwa mafu, hayakupwi sana. Njooni Jumamosi ya bamvua, maji yatakupwa kama saa nne asubuhi, basi muwe mmefika saa tatu. Kuna daraja la mbao la akina mama wa kijiji linapita juu ya mikoko, kwa asiyetaka tope. Anayetaka kupima miti avae viatu vya kufunga kamba, ndara zitabaki chini.

#46 Tuktuk_Bombolulu

Kutoka Kisauni mpaka feri nawapeleka mimi. Kumi ni safari nne, bei ya kwenda na kurudi tutaelewana.